Shangazi, mwanangu anauliza nani kazima nje

Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Hamburg, Ujerumani, huu mwaka wa tano. Tuna mtoto mmoja wa kiume, ana miaka mitatu na nusu. Baba yake anafanya kazi ya zamu kwenye ghala bandarini, wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Mimi nafanya usafi ofisini tangu alfajiri hadi saa nane mchana, na saa tisa namchukua mtoto chekechea.

Wakati wa joto hatuna shida. Shida ni huu mwezi wa Novemba. Manyunyu hayakatiki, upepo wa mtoni unaingia mpaka kwenye mifupa, na saa kumi jioni giza linaanza kutanda. Tukitoka chekechea tunapanda basi moja kwa moja nyumbani, nafunga mlango, nawasha hita, nampa simu atazame katuni. Jumamosi na Jumapili ndiyo kabisa, kutwa ndani. Anarukaruka kwenye kochi, jirani wa chini anagonga dari na mpini wa fagio. Namgombeza, analia, na mimi naingia bafuni nalia.

Walimu wake wanawatoa watoto nje kila siku, hata mvua inyeshe. Namkuta ana tope hadi masikioni. Nilipolalamika, mwalimu akanijibu kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya tu. Nikaona kama ananiambia sijui kulea. Na mama yangu kule Tanga, akimwona mtoto kwenye video yuko nje na mvuke unamtoka mdomoni, anasema nitamuua mjukuu wake kwa kichomi.

Sasa wametuletea barua ya matembezi ya taa: watoto watatembea barabarani usiku na taa za karatasi wakiimba. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya kanisa, sisi Waislamu hayatuhusu. Mtoto keshatengeneza taa yake, kaitundika kitandani.

Juzi alisimama dirishani akaniuliza, "Mama, nani kazima nje?" Sikuwa na la kumjibu. Nimfanyie nini mtoto huyu mpaka baridi iishe?

Mama wa Mmoja, Hamburg

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali la mtoto nikalirudia mara ya tatu. Mji wa Hamburg naujua. Nilikaa miaka minne, na binti yangu wa kwanza alijifunzia kutembea hapo, kwa hiyo anayekujibu ni mtu aliyelowa mvua hiyo hiyo.

Naanzia pale ulipomalizia: "mpaka baridi iishe." Mwanangu, baridi ya Hamburg haikuachii kabla ya Aprili. Ukisubiri iishe utasubiri miezi mitano, na kwa mtoto wa miaka mitatu na nusu hiyo ni kama sehemu ya nane ya maisha yake yote. Huwezi kumwambia mtoto aweke utoto kabatini mpaka jua litoke.

Halafu kuna jambo nataka ulitazame vizuri. Kwetu Tanga ukisema vuli, watu wanaelewa mvua ndogo, miembe imeinama, watoto wamepanda juu. Wewe ukitazama nje ya dirisha la Hamburg unaona yote yasiyokuwepo. Mwanao hana miembe ya kukumbuka. Vuli yake yeye ndiyo hiyo: majani ya manjano yaliyolowa, kunguru kwenye nyasi, taa za barabarani zinazowaka saa kumi. Ugenini ni kwako. Yeye yuko kwao, na anakutazama wewe ili ajue kwao ni pazuri au pabaya.

Haya sikuyajua kwa akili yangu. Novemba yangu ya kwanza na mimi nilimfungia binti yangu ndani. Siku moja nilishuka kutupa taka, akanifuata na kandambili. Mbele ya jengo palikuwa na dimbwi, halizidi upana wa sinia. Akaliingilia kwa miguu yote miwili, chwaa, kisha akatulia kimya akaniinulia macho. Hakuwa anayatazama maji. Alikuwa anausoma uso wangu ajue amefanya kosa au amefanya jambo zuri. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka, nikajikuta nacheka. Akaruka tena, na tena. Nikampandisha juu, nikamkanda miguu kwa maji ya moto, na kesho yake nikaenda kutafuta gambuti.

Sasa tumtulize bibi. Kichomi, yaani nimonia, huletwa na vijidudu, virusi na bakteria, na vijidudu hivyo hupendelea vyumba vilivyofungwa madirisha watu wakipumuliana. Mtoto aliyevaa vizuri na anayekimbia nje hapati nimonia kwa sababu mvuke umemtoka mdomoni. Mwambie mama kwa upole kwamba mvuke ule ni pumzi yenye joto inayokutana na hewa baridi, kama chungu kikifunuliwa. Ila akiwa na homa, akipumua haraka haraka au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, hapo hakuna mjadala wa hali ya hewa, ni daktari siku hiyo hiyo. Na ukimwona daktari wake, muulize habari ya vitamini D. Tangu Oktoba hadi Machi jua la huko ni dhaifu mno, ngozi haiwezi kuitengeneza, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi ya ngozi yao.

Yule mwalimu hakukutukana, ingawa angeweza kusema vizuri zaidi. Alichokusudia ni hiki: fulana nyembamba ndani, juu yake sweta, ya sufu ukiipata, na juu kabisa koti na ile suruali ya mpira yenye mikanda ya mabegani isiyopitisha maji. Pamba ikilowa haikauki mwilini. Gambuti zizidi mguu kidogo ili soksi nene isibane. Usizinunue nguo hizi dukani kwa bei ya dukani. Wazazi huko huuza nguo za watoto wao kwenye masoko ya mitumba, mara nyingi kwenye ukumbi wa chekechea au wa mtaa, na utapata suruali nzima kwa bei ya mkate. Ndiyo mitumba ile ile tunayoijua, ila haijapanda meli. Ukitaka kujua kama ana baridi, usimshike mikono, mikono hudanganya. Tia vidole viwili nyuma ya shingo chini ya ukosi. Pakiwa pa moto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na jasho, mpunguzie nguo moja.

Na wewe je? Miguuni unavaa nini? Mama wengi niliowaona huko walimvika mtoto kama anakwenda mlimani, wenyewe wamevaa viatu vya kitambaa. Mama anayetetemeka ndiye anayesema "twende nyumbani" baada ya dakika tano. Jinunulie viatu, mwanangu. Hiyo si anasa.

Sasa twende kwenye saa yako. Unamchukua saa tisa, giza linaingia saa kumi na dakika chache. Una saa moja ya mwanga, na hiyo ndiyo unayoitumia ndani ya basi. Usirudi nyumbani kwanza. Ukishaingia, ukavua koti, ukanusa joto la hita, hutoki tena, wala mimi nisingetoka. Mvalishe suruali yake ya mpira hapo hapo mlangoni mwa chekechea, mshuke vituo viwili kabla ya nyumbani, mtembee kwa miguu yake yeye. Hatua ishirini atasimama mara kumi. Mwache. Ataokota tunda la mwaloni, lile lenye kikofia. Atapiga teke majani. Mkobani uwe na chupa ya chai ya tangawizi iliyopoa kiasi chake, na andazi. Andazi lililoliwa kwenye benchi lenye unyevu lina utamu wake. Mkifika nyumbani atakuwa amechoka kweli, na jirani wa chini atapumzika.

Simu sikukatazi kabisa. Mpe wakati unapika.

Jumapili maduka yamefungwa na hela ni za mahesabu, najua. Nenda gatini Landungsbrücken, mpande kivuko namba 62 kwenda Finkenwerder. Tiketi ni ile ile ya treni na basi, na mtoto wa chini ya miaka sita halipi. Ni mwendo wa nusu saa hivi. Pandeni juu, mahali pasipo paa, mbebe aone makreni yanavyoinua makontena, umwambie: kule ndiko baba anakofanya kazi. Nina hakika hajawahi kuonyeshwa. Kwake yeye, baba ni mtu anayetoka gizani na kurudi gizani, na mtoto akijua kwamba baba yuko chini ya kreni ile ya bluu, nyumba inabadilika.

Wakati wa kurudi mshuke Neumühlen, mtembee ufukoni Övelgönne. Ni mchanga kweli, mwanangu. Ni wa baridi, na mbele yake meli za makontena zinapita karibu kuliko zile tulizozitazama kutoka Raskazone kule Tanga. Huko kuna jiwe wanaloliita Mswidi Mzee, lina tani 217. Barafu ya zama za kale ililikokota kutoka Uswidi, nao wakaliopoa mtoni mwaka 1999. Mwache alipige makofi, ajaribu kulisukuma. Mwambie nalo limetoka mbali kama mama.

Mvua ikizidi, pale pale Landungsbrücken kuna njia ya zamani ya chini ya mto, iliyofunguliwa mwaka 1911. Mnashuka na lifti, mnatembea mita 426 chini ya maji, mwenda kwa miguu halipi chochote. Ukutani kuna samaki na kaa wa kauri wa kuhesabu. Na humo sauti inarudi. Yule unayemnyamazisha kutwa kwa sababu ya jirani, mwambie apige kelele mpaka atosheke.

Habari ya taa. Mumeo hajakosea asili yake. Tarehe 11 Novemba Wakristo humkumbuka Martin wa Tours, askari wa Kirumi aliyekata joho lake akampa nusu maskini aliyekuwa anaganda kwa baridi, na yapo maeneo ambako matembezi huanzia kanisani. Lakini Hamburg matembezi ya taa huanza tangu Septemba, mengi huandaliwa na mitaa, shule na vikosi vya zimamoto, nyimbo ni za taa na mwezi, na watu wa kila dini hutoka. Muulize mwalimu haya ya kwenu yanaanzia wapi na kuishia wapi, kisha uamuzi ni wako na mumeo, si wangu. Kama angekuwa ndugu yangu ningemwambia aende mwenyewe akaone, akiwa amemshika mwanawe mkono. Na mkiamua msiende, basi taa ile isibaki imetundikwa kitandani. Tokeni nayo nyinyi watatu jioni moja, mzunguke mtaa. Mtoto kakuuliza nani kazima nje, na kumbe mkononi mwake ana taa aliyoitengeneza kwa gundi na vidole vyake. Jibu lake analo, anachohitaji ni mtu wa kumfungulia mlango.

Wewe si mama wa kwanza wa pwani yetu kulea katika giza hilo. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliingia Hamburg mwaka 1867 na mumewe Mjerumani. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo, hana mama wa kumpigia simu. Akawalea. Amezikwa Ohlsdorf, makaburi makubwa kama msitu, na wenyeji huenda kutembea huko siku za mapumziko kama bustani. Siku mvua ikikatika, nendeni. Mnaweza kumwombea rehema, na mtoto atatazama bata.

Mwisho ni kile kilio cha bafuni. Kulia siku moja moja ni baridi na uchovu na kukumbuka nyumbani. Lakini kama unalia kila wiki, usingizi umepotea, na hata mtoto akicheka husikii kitu moyoni, hilo matembezi peke yake hayataliondoa. Mwambie mumeo kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, kisha mwende kwa daktari wa familia. Huko ugonjwa wa huzuni ya majira ya giza unajulikana na unatibiwa. Usimfiche mama yako ukidhani unamlinda.

Kivuko namba 62 kinakwenda hata Jumapili. Panda na mwanao wiki hii, kisha niandikie uniambie aliona nini kule juu.

Shangazi