Kiti cha ushirika huanzia shambani



Ndugu msomaji, Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi, ni mkoa wa pamba. Mabinti huipanda, huipalilia na kuichuma. Lakini zikifika siku za uchaguzi wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ni nadra binti kutajwa. Huulizwa: mbona hawagombei? Swali la kwanza lilipaswa kuwa: je, ni wanachama?

Ushirika ni wa wakulima wenye hisa. Binti analima shamba la baba, akiolewa analima la mume. Pamba inapopimwa, daftari huandikwa jina la mwenye shamba. Asiye na jina daftarini hanunui hisa, hapigi kura, wala hachaguliwi.

Shamba nalo huzuiwa na mila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini kanuni za kimila zilizotangazwa mwaka 1963 zinampendelea mwanamume katika urithi. Wajane wawili walizipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa zina ubaguzi, ila haikuzifuta.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa mila. Suratun Nisaa, aya ya 7, imemthibitishia mwanamke fungu katika mali waliyoacha wazazi, iwe kidogo au nyingi. Na katika Sahih Muslim, Jabir (ra) amesimulia kuwa mama yake mdogo, akiwa katika eda ya talaka, alitaka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea. Alipomwendea Mtume (saw) alimruhusu avune, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya wema. Tazama: mitende ilikuwa yake, na mavuno yalikuwa yake.

Wapo watakaotaja hadithi ya Abu Bakra (ra) juu ya watu waliomtawalisha mwanamke. Wanachuoni wengi wameielekeza kwenye utawala wa dola. Kiongozi wa AMCOS ni wakala wa wakulima wenzake katika kuuza pamba na kutunza hesabu, na mwanamke kuwa wakala katika biashara si jambo geni katika fiqhi. Sharti ni uaminifu na ujuzi. Yapo pia mambo madogo: mkutano unaoisha usiku, au unaoitishwa saa za kupika. Hayo hurekebishwa kwa kubadili saa tu.

Sasa tujiulize sisi wa mjini. Baba alifariki akaacha ekari kadhaa kijijini. Kaka wamegawana, dada ameambiwa ataolewa. Wewe uko Kariakoo, umenyamaza kwa sababu kodi ya shamba inakufikia. Ndugu yangu, hiyo ni haki ya mtu. Mpe dada yako fungu lake kabla hujalaumu ushirika kwa kukosa viongozi wanawake.