Wadudu weupe kwenye nyanya

SWALI: Nina nyanya na sukuma wiki uani, hapa Babati mjini. Nikigusa majani, vidudu vyeupe vinaruka kama vumbi. Nyanya zimeanza kujikunja majani. Nifanye nini bila sumu ya dukani? – Mama wa Babati

JIBU: Mama, hao ni inzi weupe. Geuza jani: mayai na watoto wao wamejibana upande wa chini, watoto wakifyonza utomvu. Jani likinata na kuota ukungu mweusi, usiwe na shaka tena.

Kinachonitia hofu ni huko kujikunja. Inzi hawa hueneza kirusi cha ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta, nao hauna dawa. Mche uliodumaa, wenye majani ya njano yaliyokunjamana, ung'oe leo, uufunike kwa mfuko kwanza ili inzi wasihamie mingine.

Kwa inayobaki, yeyusha sabuni ya mche kidogo (si ya unga, huunguza) kwenye maji, ujaribu majani machache, usubiri siku moja. Kisha nyunyiza jioni, chini ya majani. Sabuni huua mdudu inayemgusa tu, na mayai hupona. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, kwa wiki tatu. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha husaidia pia.

Miche mipya ikingwe kitaluni kwa wavu wa matundu madogo sana. Chandarua cha mbu hakitoshi, inzi hupenya.