Somo: Picha ya Zamani na Picha ya Leo

1. Picha ya zamani ni shahidi. Yaonyesha watu waliokufa, nyumba zilizoanguka, na njia zilizofunikwa na majani. Lakini shahidi huyo ni bubu. Yafaa apate mtu wa kumsemea.

2. Lubumbashi ni mji mkubwa wa Katanga, kusini ya Kongo. Watu wake husema Kiswahili, kama watu wengi wa Kivu. Ardhi ya huko ina shaba nyingi. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya kuichimba, jina lake Union Minière. Watu wengi waliacha vijiji vyao, wakaenda kufanya kazi migodini. Wakati ule zilipigwa picha za mitambo na za wafanyakazi. Wengine walipangwa mstari, kama vyombo vinavyohesabiwa. Leo nyuso zao zaonekana, lakini majina yao hayajulikani.

3. Katika mji huo alizaliwa Sammy Baloji, mwaka 1978. Alipokuwa mtu mzima akawa mpiga picha. Alikwenda penye viwanda vya zamani, akaona kuta zimebomoka na chuma kimeshika kutu. Akapiga picha mahali hapo. Kisha akachukua picha za wafanyakazi wa kale, akawaweka ndani ya picha zake mpya. Kazi hiyo ya mwaka 2006 inaitwa kwa Kifaransa Mémoire, maana yake kumbukumbu. Anayeitazama hujiuliza: Nani walijenga haya? Faida yao ilikwenda wapi? Mwaka 2008 yeye na wenzake walianza mkutano wa picha mjini Lubumbashi, wakauita kwa neno letu la Kiswahili: Picha.

4. Katika Uganda nako, tangu mwaka 2011, wako watu wanaotafuta picha zilizofichwa masandukuni. Humwomba mwenyewe ruhusa, huinakili picha kwa mashine, kisha humrudishia. Nakala huonyeshwa kwa watu wengi. Pengine mtu mmoja hutambua uso, mwingine hutambua barabara. Hivyo habari iliyokuwa ya mtu mmoja huwa ya wote.

5. Na vilima vya Masisi je? Na misitu ya Walikale? Picha nyingi za Kongo ya zamani zimewekwa mbali, katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji. Mwenye picha hamjui mtu. Anayemjua mtu hana picha. Tena, tangu mwaka 1993, vita vimewakimbiza watu wengi wa Masisi mara kwa mara. Mama anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Picha huachwa ukutani. Na mzee akifa, hufa na majina anayoyajua.

6. Basi, wanafunzi wa Muheto waweza kuanza kazi hii wakiwa na daftari moja tu. Mwanafunzi amwendee babu au bibi mwenye picha, amsalimu, aombe ruhusa. Aulize mambo manne: Ni nani huyu? Ni mahali gani? Ni mwaka gani? Nani aliipiga? Majibu yote ayaandike daftarini, pamoja na jina la aliyeyatoa. Picha irudishwe kwa mwenyewe, ikae pakavu, mbali na jua na moshi.

7. Kisha wanafunzi wasimame mahali palepale, pamoja na mwalimu, wapige picha mpya. Pasipo kamera, wachore. Asipigwe picha mtu asiyekubali, wala askari. Picha mbili zikiwekwa pamoja, kila mtu ataona kilichobaki na kilichopotea. Pengine mti ni uleule, na mto haukuhama, bali nyumba zimekuwa nyingine.

8. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na picha bila jina ni hivyohivyo.

Maswali

1. Kwa nini picha ya zamani yaitwa shahidi bubu?
2. Sammy Baloji alifanya nini kwa picha za wafanyakazi wa kale?
3. Watu wa Uganda huirudisha picha kwa nani? Kwa nini?
4. Mambo manne ya kumwuliza mzee ni yapi?
5. Uliza nyumbani habari za picha moja, au za mahali pamoja pa zamani. Andika mistari mitano.