Damu Haitabiri, Hukadiria: Msamiati wa Kuelezea Uzazi wa Kabla ya Wakati

Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno machache ambayo Kiswahili hutumia kuzungumzia jambo ambalo bado halijatukia, hasa pale ambapo jambo lenyewe ni kuzaliwa kwa mtoto kabla ya wakati. Swali lililoyazua liliulizwa jikoni kwetu Sultan Hamud, wala si katika semina. Nilikuwa nikimweleza dada yangu mkubwa, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa wa miezi saba akaishi siku nne, kwamba wataalamu wanatafuta katika damu ya mama, mimba ikiwa bado changa, viashiria vya "kutabiri" uzazi wa aina hiyo. Akaacha kuchagua ndengu. "Yaani damu yangu ilikwisha kusema," akaniuliza, "nami sikuisikia?"

Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la msamiati.

Damu ya Pemba

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati iwapo wiki 37 za mimba hazijatimia. Mwaka 2020 watoto wa namna hiyo walikadiriwa kufikia milioni 13.4 ulimwenguni. Watanzania humwita mtoto njiti, jina lenye picha nzuri, ingawa humtaja kwa wembamba wake na si kwa wakati wake. Sisi huku bara la Kenya twahesabu kwa miezi, nayo miezi ni kipimo kilegevu kwa shughuli hii: maabara hudai wiki, na wiki hudai tarehe ya hedhi ya mwisho au picha ya ultrasaundi iliyopigwa mapema.

Mfano ulio karibu nasi kilugha unatoka Pemba. Utafiti uitwao AMANHI, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliwasajili wajawazito wa Sylhet nchini Bangladesh, Karachi nchini Pakistan, na kisiwani Pemba, ambako Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Chake Chake. Walisajiliwa mimba zikiwa za wiki 8 hadi 19, umri wa mimba ukathibitishwa kwa ultrasaundi, na sampuli zao za damu na mkojo zikahifadhiwa katika baridi kali. Mwaka 2020 ulichapishwa uchanganuzi wa sampuli za wanawake 81 kutoka sehemu tano, Pemba ikiwa mojawapo. Kati yao, 39 walikuwa wamejifungua kabla ya wakati. Zilipimwa protini na jumbe za jeni zilizomo katika utegili wa damu, pamoja na kemikali za mkojo. Kisha kompyuta ikatafuta mpangilio unaoyatenganisha makundi mawili. Mpangilio ulipatikana, baadhi yake ukihusiana na namna mwili unavyojihami dhidi ya madhara. Uliyatenganisha makundi vyema kiasi, si kikamilifu, na wanawake 81 ni wachache.

Hali ni hiyo hiyo kwa protini ya PAPP-A, itokayo katika kondo la nyuma. Ikiwa chache katika miezi mitatu ya kwanza, uwezekano wa kuzaa mapema huongezeka. Hata hivyo wengi wa wanawake wenye kiwango hicho cha chini hutimiza miezi yao. Kipimo cha namna hii si cha kawaida katika kliniki zetu za wajawazito. Dada yangu asingekipata hata angekitaka.

Kutabiri, Kubashiri, Kukadiria

Tabiri ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kufasiri ndoto. Atabiriye ameonyeshwa, kazi yake ni kutamka. Ukambani neno hili lina uzito wa ziada, kwa maana hapa mtabiri ana jina: ni Syokimau, ambaye yasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka pwani kabla ya reli kujengwa. Mji wetu wenyewe ulizaliwa na reli hiyo, ukapewa jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Unguja. Kwa msikilizaji wa hapa, basi, utabiri ni jambo lililokwisha kuamuliwa. Garimoshi lilikuja. Ukimwambia mama kwamba damu yake "imetabiri", umemwambia kwamba garimoshi liko njiani.

Bashiri haifai zaidi, kwani asili yake ni habari njema. Kuagua hutupeleka kwa mganga. Nami napendekeza kadiria, neno la mtu anayepima na kukubali kwamba kipimo chake kina upungufu. Msomaji makini atanikumbusha kwamba kadiria na kadari, yaani majaliwa, ni watoto wa mzizi mmoja. Ni kweli, lakini matumizi yamewatenga ndugu hao zamani. Fundi anayekadiria gharama ya nyumba hashukiwi kusema majaliwa.

Dalili nayo tuiachie hali ionekanayo au ihisiwayo, kama vile uchungu au kutokwa na maji. Kilichomo katika damu, kisichohisiwa na yeyote, kiitwe kiashiria. Tofauti hii si ya kinahau tu: dalili mama aweza kulaumiwa kwa kuipuuza, kiashiria hawezi.

Nilirudi jikoni na sentensi iliyorekebishwa: "Baadhi ya viashiria vya damu huwasaidia wataalamu kukadiria uwezekano wa mama kuzaa kabla ya wiki 37." Dada aliisikiliza mara mbili.

"Hiyo haikunisema mimi," akasema. Kisha akauliza mama aliyekadiriwa hivyo hufanyiwa nini. Nilimtajia ufuatiliaji wa karibu, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto uzazi wa mapema unapokaribia, kujifungulia penye wahudumu wa watoto wachanga, na kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Kwa hilo la mwisho akauliza jina lake la Kiswahili. Nikamwambia wengi husema "matunzo ya kangaruu". Akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile, akataka kujua ni nani hapa Sultan Hamud aliyewahi kumwona kangaruu.