Jedwali la Diski Likipotea, Daftari la Kikundi Halijapotea



Baadhi ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hapa Suam na hata kule Kitale na Bungoma, vinaweka hesabu kwa kompyuta ya Linux. Siku kompyuta inawashwa na haioni kitu, macho yote humgeukia mweka hazina. Kabla ya kulaumiana, tujue kilichotokea.

NI NINI KIMEPOTEA?
Diski ni kama shamba lililogawanywa vipande. Kila kipande huitwa patisheni. Mwanzoni mwa diski kuna jedwali, yaani ramani, linalosema kila kipande kinaanzia wapi na kuishia wapi. Katika mtindo wa zamani, MBR, jedwali hilo ni baiti 64 tu, nafasi ya vipande 4. Mtindo mpya, GPT, huweka nakala ya pili mwisho wa diski.

Mtu akikosea amri, au umeme ukikatika wakati mbaya, ramani huharibika. Lakini ramani ikiungua, mahindi bado yako shambani. Yataharibika tu mtu akileta trekta na kulima upya. Kwa hivyo: msiformati, msiweke Linux upya, msihifadhi kitu chochote kwa diski hiyo.

HATUA ZA KUFUATA
1. Zimeni kompyuta. Kama diski inagonga-gonga, ugonjwa ni wa chuma. Pelekeni kwa fundi.
2. Iwasheni kwa flashi yenye Linux pamoja na programu ya TestDisk. Andikeni lsblk mjue jina la diski, kwa mfano sda.
3. Mkiwa na diski nyingine ya kutosha, nakilini kwanza diski yote kwa ddrescue.
4. Andikeni sudo testdisk. Programu hii ni ya bure, iliandikwa na Christophe Grenier wa Ufaransa. Chagueni diski, aina ya jedwali, "Analyse", kisha "Quick Search".
5. Bonyezeni P mwone faili. Majina mnayoyajua yakitokea, endeleeni hadi "Write", mkubali kwa Y, halafu mwashe upya. Yasipotokea, msiandike kitu. Jaribuni "Deeper Search".

KINGA
Leo, kompyuta ikiwa nzima, andikeni:
sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt
Wekeni faili hiyo kwa flashi, ikae kwa katibu. Lakini nakala ya ramani si nakala ya mahindi! Hesabu zenyewe pia zinakiliwe kila baada ya mkutano, na daftari la mkono lisitupwe.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kompyuta yetu ikikataa leo, tutajuaje nani ana deni na nani amelipa?
2. Ni watu wangapi kati yetu wanajua hatua hizi?
3. Nakala itakaa kwa nani, na nani atamkagua?

Pesa ya mjane haina budi kulindwa na zaidi ya mtu mmoja.