Kondo la Nyuma Linapojipandikiza Kwenye Kovu

Damu inayotoka ukeni bila maumivu katika miezi ya mwisho ya ujauzito huwadanganya wengi. Kwa kuwa haiumi, na mara nyingi hukoma yenyewe, mama hurudi shambani na jamaa huona hatari imepita. Kwa mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, damu hiyo ni onyo kubwa.

Kwa kawaida kondo la nyuma hujishikiza sehemu ya juu ya mji wa mimba. Kovu la upasuaji huwa chini, karibu na mlango wa kizazi. Mimba inayofuata ikijipandikiza huko, kondo laweza kuziba mlango huo. Na penye kovu, ambapo utando wa ndani ni hafifu, mizizi yake huzama ndani ya misuli, pengine hata kufikia kibofu cha mkojo. Kondo la namna hii halibanduki mtoto akishazaliwa. Likivutwa kwa nguvu, damu hububujika, kwani mimba iliyokomaa hupitisha yapata nusu lita ya damu kila dakika katika mji wa mimba.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake ambao kondo limeziba mlango, lilikuwa limezama kwa asilimia 11 ya waliowahi kupasuliwa mara moja, asilimia 40 ya waliopasuliwa mara mbili, na asilimia 61 ya waliopasuliwa mara tatu.

Wilayani Kilolo hesabu hiyo huongezewa umbali. Tangu Novemba hadi Aprili mvua hulainisha barabara za milima ya Udzungwa, na mama anayeanza kutokwa damu usiku hana saa za kupoteza. Kwa hiyo, swali la kwanza kliniki liwe: umepasuliwa mara ngapi? Jibu liandikwe waziwazi kwenye kadi, na mama apelekwe kupigwa altrasaundi mapema. Kondo lililo chini mimba ikiwa changa mara nyingi huonekana limepanda baadaye, hivyo kipimo kirudiwe yapata wiki ya 32. Likibaki juu ya kovu, uzazi hupangwa katika hospitali ya rufaa, mara nyingi kati ya wiki ya 34 na 36, kukiwa na damu ya kutosha na mabingwa wanaoweza, ikibidi, kuondoa mji wa mimba.

Mhudumu wa zahanati asimpime kwa vidole ukeni mama anayetokwa damu kabla altrasaundi haijaonyesha kondo liko wapi. Kidole kimoja chaweza kulibandua. Amwekee dripu, apige namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama, isiyotozwa malipo, na kuijulisha hospitali inayompokea.

Nyumbani, mume na ndugu wakubaliane mapema nani atakwenda kuchangia damu. Mama naye ahamie karibu na hospitali kabla ya tarehe aliyopangiwa, hata kama anajisikia mzima kabisa.