Dola 400 Zimeingia, Mbona Shilingi Ni Chache?

Umemaliza kazi ya wiki tatu. Mlipaji wako aliye Chicago ameidhinisha malipo, na akaunti yako ya mtandaoni inasoma dola 400. Tayari umeshapiga hesabu: kodi ya nyumba, salio la karo, na kitu kidogo cha kumtumia mama nyumbani. Unabonyeza kutoa pesa, ujumbe unaingia kwenye simu, unasoma kiasi, halafu unasoma tena. Pesa zimepungua na hakuna mahali palipoandikwa ada.

Swali hili tunaulizwa sana, hasa mwisho wa mwezi: "Niliambiwa kutoa ni bure. Sasa ni nani amekula pesa zangu?" Leo tunalijibu polepole, kwa hesabu, ili mwezi ujao ujue mapema utapata ngapi na uchague njia inayokuachia zaidi.

Makato yamejificha wapi?

Kila unapohamisha pesa kutoka dola hadi shilingi, unalipa kwa njia mbili. Ya kwanza unaiona: ada ya kutoa. Ya pili huioni kirahisi: bei ya dola unayopewa.

Kuna bei ya soko, ile ambayo Benki Kuu ya Kenya huchapisha kwenye tovuti yake kila siku ya kazi. Halafu kuna bei ambayo wewe unapewa. Anayekubadilishia pesa hununua dola yako kwa bei ya chini kidogo kuliko ya soko, na pengo hilo ndilo faida yake. Ni kama muuza nyanya wa Wakulima: hakutozi ada ya kununua, lakini bei aliyonunulia shambani si ile anayokuuzia wewe.

Tuseme ukweli hapa: sisi pia tuna pengo letu. Kampuni yoyote inayobadilisha pesa inalo, iwe benki, PayPal, Payoneer au duka la kubadilisha fedha mtaani. Pengo lenyewe si wizi. Shida inakuja pale ambapo mtu anaona neno "bure", anafurahi, na haulizi bei ya dola ni ngapi.

Hesabu moja ya kukumbuka

Tuchukue bei ya soko kuwa shilingi 129 kwa dola, karibu na mahali ambapo dola imekaa kwa muda mrefu tangu katikati ya 2024. Bei nyingine hapa chini ni za mfano tu. Kwa bei ya soko, dola zako 400 ni shilingi 51,600. Sasa una njia mbili:

* Njia A: kutoa ni bure, lakini dola inanunuliwa kwa 124.50. Unapata shilingi 49,800.
* Njia B: kuna ada ya dola 3, na dola inanunuliwa kwa 128. Dola 397 mara 128, unapata shilingi 50,816.

Njia ya "bure" imekugharimu shilingi 1,800. Njia yenye ada imekugharimu 784. Tofauti ni shilingi 1,016 kwa malipo moja. Ukilipwa hivyo kila mwezi, kwa mwaka ni shilingi 12,192. Hiyo si pesa ya kuachia mtu kwa sababu tu hukupiga hesabu.

Huhitaji kujua mambo mengi ya fedha ili kulinganisha. Chukua shilingi zitakazofika mkononi mwako, zigawanye kwa dola ulizokuwa nazo mwanzoni. Jibu ndilo bei yako halisi.

Njia A: 49,800 gawanya kwa 400 ni 124.50.
Njia B: 50,816 gawanya kwa 400 ni 127.04.

Mgao huu unameza kila kitu, ada zilizotajwa na zisizotajwa. Bei halisi ikiwa juu zaidi, njia hiyo ndiyo bora. Fanya hesabu hii kwenye skrini ya mwisho kabla ya kuthibitisha, maana huduma nyingi hukuonyesha kiasi cha shilingi kabla ya kubonyeza. Na kama utaenda kwa wakala kutoa pesa taslimu, toa ada ya wakala kwanza ndipo ugawanye.

Usibadilishe mara mbili

Kubadilisha mara moja hakuepukiki, kwa sababu mwenye nyumba hapokei dola. Kubadilisha mara mbili kunaepukika, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa bila kujua. Kuna mitego mitatu.

*Mtego wa kwanza: pauni au yuro zinazopitia kwenye dola.* Mlipaji wako yuko Uingereza, analipa kwa pauni, lakini akaunti yako ina salio la dola pekee. Huduma inageuza pauni kuwa dola na kukata pengo lake. Ukitoa, dola zinageuzwa kuwa shilingi na pengo linakatwa tena. Kama kila hatua inakula asilimia 3, unabaki na asilimia 94 na kidogo. Karibu shilingi 6 katika kila 100 zimeishia njiani. Huduma nyingi za malipo hukuruhusu kufungua salio la pauni na la yuro ndani ya akaunti ile ile. Lifungue kabla ya malipo kuingia, kisha angalia kama unaweza kutoa moja kwa moja kutoka salio hilo hadi shilingi.

*Mtego wa pili: akaunti ya benki isiyo ya dola.* Mtu ana akaunti ya kawaida ya shilingi, anaomba atumiwe dola huko, akidhani zitakaa kama dola. Benki ikizipokea inazigeuza papo hapo kwa bei yake ya siku hiyo, bila kukuuliza. Kinyume chake pia kipo: una akaunti ya dola, lakini wakati wa kutoa unachagua "lipa kwa KES". Huduma inageuza dola kuwa shilingi, benki nayo inazirudisha kuwa dola. Umelipa kwenda na kurudi, na hujanunua hata mkate. Kabla ya kuunganisha akaunti, uliza benki yako: "Akaunti hii ni ya sarafu gani?" Halafu hakikisha sarafu unayotolea ndiyo hiyo hiyo.

*Mtego wa tatu: kutoa dola zote, kisha kununua dola tena.* Unatoa kila kitu hadi kwenye simu. Wiki moja baadaye unahitaji kulipia programu ya kuhariri picha, tovuti au zana nyingine ya kazi, na bei yake ni dola 30. Kama ulitoa kwa 124.50, dola hizo 30 zilikupa shilingi 3,735. Ukilipa kwa kadi ya shilingi na dola ikauzwa kwako kwa 133, unatozwa 3,990. Umepoteza shilingi 255 kwa kuzungusha pesa zako mwenyewe. Dawa ni rahisi: kadiria matumizi yako ya dola ya mwezi, uyaache kwenye salio la dola, na ulipe kutoka hapo moja kwa moja.

Simu au akaunti ya dola benki?

Tangu 2018 imewezekana kutoa pesa za PayPal hadi M-Pesa, na leo huduma kadhaa za ng'ambo zinaleta shilingi moja kwa moja kwenye simu. Uzuri wake ni urahisi. Ubaya ni kwamba bei ya dola inapangwa na huduma hiyo, na wewe huna nafasi ya kuongea.

Akaunti ya dola benki inakupa nafasi hiyo. Dola zinaingia kama dola, unaamua lini kuzibadilisha, na kwa kiasi kikubwa unaweza kupiga simu kwa benki na kuomba bei nzuri kuliko ile ya ubaoni. Watu wengi hawajui kwamba bei hii huzungumzwa. Omba, wakikataa, hujapoteza kitu. Unaweza pia kulinganisha na duka la kubadilisha fedha lenye leseni ya Benki Kuu.

Lakini akaunti ya dola ina gharama zake. Uliza kuhusu ada ya mwezi, salio la chini, na ada ya kupokea pesa kutoka nje. Pesa zikija kwa SWIFT, muulize mlipaji amechagua nini: OUR ni yeye kulipa gharama zote, SHA ni kugawana, BEN ni wewe kubeba zote. Benki za katikati zinaweza kukata kitu kabla pesa hazijafika Nairobi.

Ukubwa wa malipo ndio unaoamua. Tuseme gharama zote za njia ya benki ni dola 25. Kwenye malipo ya dola 200 hiyo ni asilimia 12.5, hasara tupu. Kwenye dola 2,000 ni asilimia 1.25, na pengine unashinda njia ya simu. Kwa malipo madogo ya kila wiki, njia ya simu yenye bei nzuri mara nyingi inatosha.

Kukusanya kwanza au kutoa kila mara?

Inategemea aina ya ada. Kama ni kiasi kilekile kila unapotoa, mfano dola 3, basi kutoa mara moja kwa mwezi badala ya mara nne kunakuokolea dola 9. Kama ni asilimia au pengo la bei, kukusanya hakusaidii kitu; asilimia 3 ya dola 400 ni ile ile hata ukiigawa mara nne. Kama unaweza, toa siku za kazi. Wikendi soko limefungwa, na baadhi ya huduma hupanua pengo ili kujikinga.

Vipi kungoja dola ipande? Hapa tunakuomba uwe mwangalifu. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na wengi walishikilia dola zao wakisubiri ifike 170. Kufikia Aprili mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyekuwa na dola 1,000 alitazama karibu shilingi 30,000 zikiyeyuka. Hakuna pengo la huduma yoyote lililomgharimu kiasi hicho. Toa pesa za kodi, karo na chakula zinapohitajika, na usifanye matumizi ya nyumbani kuwa kamari.

Njia ya mkato inayouma

Kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram hukosi mtu anayesema, "Nauzia dola zako kwa bei ya soko, nakutumia kwa simu sasa hivi." Tafadhali usijaribu. Unaweza kuonyeshwa ujumbe feki wa malipo, au pesa halisi zikatumwa halafu aliyetuma akaomba zirudishwe. Kwenye PayPal, mnunuzi ana hadi siku 180 za kufungua malalamiko kuhusu malipo, kwa hivyo hata dola ulizonunua kutoka kwa mtu zinaweza kuondoka miezi baadaye. Unaokoa asilimia 3 na unahatarisha 100. Na mtu yeyote asikuombe PIN au nambari ya uthibitisho, hata akisema anatoka kwetu. Sisi hatuombi.

Kabla ya kubonyeza "thibitisha"

1. Angalia bei ya dola ya leo kwenye tovuti ya Benki Kuu.
2. Soma kiasi cha shilingi kitakachofika, si neno "bure".
3. Gawanya shilingi kwa dola. Hiyo ndiyo bei yako halisi.
4. Linganisha na njia nyingine moja angalau.
5. Hakikisha pesa zinabadilishwa mara moja tu.
6. Acha dola za kulipia zana zako za mwezi.
7. Piga skrinishoti na uitunze. Itakusaidia ukilalamika, na tena ukijaza ritani za KRA kabla ya Juni 30.

Mara ya kwanza itakuchukua dakika kumi. Ya pili, tatu. Na kama umepiga hesabu ukaona njia nyingine ina bei bora kuliko yetu siku hiyo, itumie. Dola hizo umezitolea jasho wewe. Lakini kama umetoa kupitia kwetu na kiasi kilichofika si kile ulichoonyeshwa kwenye skrini, tutumie skrinishoti yako kupitia huduma kwa wateja ndani ya programu, tufuatilie pamoja.